Vibaba Viwili vya Kila Jumatatu

Jumatatu, 6 Januari

Hili sijamwambia mtu. Mzee Zabron wa mashine haibi unga wetu. Mwizi ni mimi.

Kila Jumatatu Mama hunipa debe la mahindi nikasage. Nikifika nyuma ya nyumba nachota vibaba viwili, navificha kwenye pipa ndani ya jiko la zamani, ndipo naendelea na safari. Nilianza nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne. Naona neno wizi ni kali. Ni maandalizi. Mwaka jana maji yalikata barabara ya hapa Zombo, umeme ukazimika siku tisa, mashine ikanyamaza, na gunia letu lilikuwa limeisha. Tulikula mapapai mabichi ya kuchemsha. Hadi leo nikipita chini ya mpapai natazama pembeni.

Mwaka huu nitaiokoa familia. Unga huharibika upesi, nafaka nzima hukaa. Siku mashine itakaponyamaza, nitatoka na unga niliousaga kwa mkono, nitauweka mbele ya Mama bila kusema neno. Hiyo sehemu ya kutosema neno naiweza tayari.

Tatizo: leo Mama kamimina unga kwenye ndoo na haukufika kwenye mstari wa kila wiki. Kasema mashine ya Zabron ina tumbo. Jumamosi ya wiki ijayo akina mama wa kanisa wanasali kwetu. Mama ni mwenyekiti wao. Katibu ni mama Filomena, mke wa mzee Zabron. Mama kaapa siku hiyo atalisema mbele ya wote.

Nimekosa hamu ya kula. Angalau nimeokoa ugali.

Jumatano, 8 Januari

Nimemwomba Bibi anifundishe kusaga kwa jiwe lake. Nimemwambia napenda kujua mila zetu. Machozi yalimlenga. Kanifundisha saa tatu nzima.

Nimepata kikombe kimoja, sehemu kubwa ni mchanga wa jiwe. Viganja vimejaa malengelenge. Bibi kasema enzi zao msichana anayesaga hivi alirudishwa kwao kabla maji ya ugali hayajachemka. Kisha akauliza mahindi nimeyatoa wapi. Nikasema kwenye gunia la ndani. Ambayo ni kweli, ukiangalia mbali.

Kikombe kimoja kwa saa tatu. Nyumbani tuko watano. Itabidi mafuriko yaje polepole.

Alhamisi, 9 Januari

Mvua tangu alfajiri. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikangoja habari kwamba barabara imekatika. Haikukatika. Kilichotoboka ni bati la jiko la zamani, juu ya pipa langu hasa. Mfuniko wangu ni sinia. Nalo lina tundu.

Mahindi yanaelea.

Nimemwaga maji, nimetandaza mahindi chini na kuyafunika kwa magunia Mama asiyaone. Magunia nayo yameloa. Nadhani yatakauka yenyewe.

Jumatatu, 13 Januari

Hayajakauka. Yameota. Kila punje ina mkia mweupe, na jiko zima linanukia utamu. Nimeyaanika nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna anayekaa kutazama mandhari.

Kufidia hasara, leo nimechota vibaba vitatu.

Jioni Mama kapima. Kasema Zabron sasa anatudharau.

Jumatano, 15 Januari

Jua kali siku mbili, mahindi yamekauka. Mikia imebaki, lakini chakula ni chakula. Mama alipokwenda shamba nikaanza kusaga. Yanasagika kwa urahisi ajabu. Nilijisikia mtu mwenye kipaji.

Nikiwa katikati, Damiano wa bodaboda kasimama kwenye ua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akavuta pumzi kwa pua, akatabasamu. Akaniuliza itakuwa tayari lini. Sikujua anauliza nini. Mtu mzima akiniuliza swali, mimi hujibu lolote ili aondoke. Nikasema Jumamosi. Akasema safi sana binti, nitakuja na wenzangu. Akaondoka anapiga mluzi.

Labda na wao wanajiandaa na mafuriko. Vizuri.

Ijumaa, 17 Januari

Asubuhi niliamua kumweleza mzee Zabron ukweli kabla ya kesho. Nimekwenda hadi mashineni. Mashine ilikuwa inanguruma. Nikasimama mbele yake, nikafumba macho, nikaungama yote: debe, vibaba, pipa, hata sinia. Nilipofumbua macho alikuwa ameinama na mkono sikioni. Akauliza, "Dona au sembe?"

Nikasema dona. Nikarudi nyumbani. Sikuwa hata na mahindi.

Nikamkuta Bibi ndani ya jiko la zamani. Katafuna punje moja, kanigeukia.

"Costancia, hiki ni kimea. Umefungua kilabu?"

Akanieleza kwamba komoni, pombe ya mahindi, huanza hivyo hivyo: loweka, otesha, anika, saga. Kijiji kizima kinajua mlio wa jiwe likisaga kimea. Hapo nikamwelewa Damiano. Kesho akina mama kumi na wanne wanakuja kusali kwa mwenyekiti wao!

Bibi hakuniuliza mengi. Alitazama pipa, akatazama nyumba, akapima kwa macho hatua zilizopo katikati. Akasema, "Kwa hiyo umetoa chakula chetu ndani ukakiweka nje, tusife njaa."

Akasomba kimea chote na sufuria kubwa, akaondoka.

Jumamosi, 18 Januari

Wameimba, wamesali. Mama kasimama, kajikohoza, kaanza kusema kwamba kuna wizi mdogo mdogo katika jamii yetu. Mama Filomena akanyanyua kichwa. Mimi nikainamisha changu.

Hodi. Damiano na wanaume wawili. Wana madumu. Kawaamkia akina mama kwa adabu zote, kisha kamuuliza Mama kama komoni ya yule binti imeiva.

Nilisikia kuku akitembea uani.

Mama Filomena akafunga Biblia yake. Akasema kwa upole kwamba jiwe amelisikia tangu Jumatano, ila hakutaka kuamini, nyumba ya mwenyekiti. Mama akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Kumbe mimi nimemrithi yeye.

Bibi akatokea na upawa na sufuria. Akasema kimea ni chake, na hii ni togwa ya wageni, haileweshi, aliyesema komoni ni nani? Akachota kikombe. "Damiano, kaa chini unywe na wenzako wa sala."

Wamekunywa wote. Mama Filomena, vikombe vitatu. Damiano kimoja, akanong'ona kwamba haijaiva. Bibi akamjibu, "Na wewe pia."

Mama akakaa. Habari ya wizi hakuirudia tena. Nililala kama mtoto.

Jumatatu, 20 Januari

Leo sikuchota hata punje. Unga ukafika kwenye mstari na kupita. Nilidhani Mama atajua alikosea. Hapana. Kasema Zabron kasikia maneno ya Jumamosi, katubu.

Akajifunga kanga, akaenda mashineni mwenyewe, mbele ya foleni nzima, akamwambia mzee Zabron kwamba amemsamehe. Mzee akazima mashine. Akauliza amesamehewa nini. Mama akasema tuyaache, yamekwisha. Jioni hii kijiji kizima kinajua Zabron kasamehewa. Mama Filomena kapita hapa bila salamu, na watu wawili wamehamishia mahindi yao mashine ya mbali. Miaka ishirini anasaga, hajawahi kuitwa mwizi.

Nimefikiri mchana kutwa. Kuna njia ya kusema ukweli. Nimeitazama, nimeiacha.

Njia ya pili ni bora. Unga ukirudi nyumbani mwingi kuliko kawaida, kila Jumatatu, Mama mwenyewe atatangaza kwamba Zabron ni mkarimu. Jina lake litasafishika. Ili unga uzidi, nahitaji unga wa ziada. Unga wa ziada hutoka kwenye mahindi ya ziada. Kwa hiyo jioni hii nimechota vibaba vinne kwenye gunia la ndani, nimeviweka kwenye pipa. Sinia nimeliziba kwa ubani wa kutafuna.

Wewe uliyesoma hadi hapa, nakuomba, haya yabaki kwako. Ukifika mashineni na mzee Zabron akakuuliza, sema dona.