Jinsi Samaki wa Matumbawe Alivyomnadi Mama Yangu

Nimeaibika leo. Mbele ya jumuiya nzima, nikiwa nimevaa sweta safi na nimechana nywele. Naandika haya nikiwa chumbani, komeo nimelisukuma, na kutoka sitoki.

Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa ndani. Nafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba ya Mama, hapa hapa Sumbawanga. Safari yangu ya kila siku ni kitandani kwenda bandani, kisha kurudi. (Nikiwa na nguvu napitia jikoni.) Upepo wa huku mnaujua. Mwenye akili timamu habanduki kwenye blanketi. Sasa mtu ukikaa ndani sana unaishia kwenye simu, na mimi kwenye simu nikakutana na samaki.

Samaki mwenyewe ni mdogo, kama kidole. Ana rangi ya buluu na mstari mweusi ubavuni. Anaishi baharini kwenye matumbawe, mahali ambapo sijawahi kufika wala sina mpango wa kufika. Kazi yake ni usafi. Ana kona yake moja kwenye mwamba na hahami. Samaki wakubwa, wenye meno ya kutisha, wanamfuata hapo hapo, wanapanga foleni, wanaachama. Yeye anaingia mdomoni, anadonoa wadudu na ngozi iliyokufa, anatoka salama. Usiku anajibana kwenye ufa wa mwamba na kujizungushia ute wake mwenyewe, kama chandarua.

Yaani hatoki nyumbani, wateja wanamfuata, na akilala anajifunika gubigubi! Nikasema huyu ni ndugu yangu, tumepotezana tu.

Video yake nimeipakua, nimeiangalia mara nyingi. (Nusu ya kwanza. Nusu ya pili hunikuta nimeshalala. Shikeni hilo, litarudi.)

Sasa turudi nchi kavu. Jumuiya yetu ni kaya za mtaa huu zinazosali pamoja kila Jumamosi asubuhi, kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mwenyekiti wetu wa siku zote amehamia Namanyere kwa mwanawe, kwa hiyo leo tulikuwa na uchaguzi, na zamu ya kusali ilikuwa kwetu. Wagombea walikuwa wawili: Mzee Didas, na Mama yangu.

Mama anautaka uenyekiti huo. Hajawahi kusema, ila mimi naishi naye. Ni yeye anayewafundisha watoto sala, ni yeye anayesimamia sufuria kila msiba, na mwenyekiti akiugua ni yeye aliyekuwa anaendesha kila kitu huku jina likibaki la mwenyekiti. Wiki hii yote alikuwa anafagia uwanja mara mbili mbili. Jana nilimkuta anajaribu sauti ya matangazo kwa kuku wangu.

Lakini kwetu mgombea hajisemei. Ukijisifu mwenyewe umekwisha. Anasimama mtu mwingine kukusemea, wewe unainamisha kichwa kama hujui kinachoendelea. Msemaji wa Mama alikuwa rafiki yake, Mama Rozi, mzaliwa wa Kipili kule Ziwa Tanganyika, muuza samaki wa huko waitwao migebuka, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kuuza mwamvuli kiangazi. Asubuhi akafika amejifunga shali shingoni. Akafungua mdomo. Ukatoka upepo.

"Sauti imekwenda," akanong'ona. "Baridi."

Mama akageuka. Akanitazama mimi. Nikatazama nyuma yangu, kumbe nyuma yangu ulikuwa ukuta.

"Deo," akasema, "utasema mawili tu. Mama anafundisha watoto. Mama anapika misibani. Unakaa."

"Sawa Mama."

"Mawili."

"Mama, mimi nimemaliza kidato cha nne."

"Ndiyo maana nakukumbusha."

Tukasali uwanjani. Upepo ukasali nasi. Baada ya sala katekista, aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi, akamwita msemaji wa Mzee Didas. Akasimama mdogo wake, akapiga makofi ya heshima akiwa amechuchumaa, kama tunavyosalimia wakubwa, akainuka na kusema kwa upole kabisa: "Ndugu zangu, hatuna ubaya na Mama Deo. Ila tangu jumuiya hii ianze, mwenyekiti ni baba. Hata bandani, anayewika ni jogoo. Mtetea hawiki."

Wazee wakaguna kukubali. Mama akawa ameinamisha kichwa, lakini niliona kidole gumba cha mguu wake kinachimba ardhi.

Na hapo, jamani, damu ikanipanda. Kuniletea mfano wa kuku mimi? Mimi ninayelala nikiwasikia na kuamka nikiwasikia? Nikasimama. Yale mawili ya Mama yalikuwa mdomoni kabisa, yamejipanga. Nikayapita.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Mzee amesema kuku. Mimi nitasema samaki."

Nikaona Mama anafumba macho.

Nikaeleza. Matumbawe, foleni, usafi wa meno. Watu walikuwa wananisikiliza vizuri! Akina mama wanatikisa kichwa kukubali, katekista anatabasamu. Nikapata kichwa. (Mtu wa ndani akipewa hadhira ni kama mbuzi aliyekata kamba.)

"Sasa," nikasema, "samaki hawa wanaishi kwa familia. Dume mmoja, majike kadhaa. Dume ndiye mwenyekiti wao. Siku dume akifa, au akihamia Namanyere..." watu wakacheka, nikazidi kunenepa, "...hawaagizi dume kutoka nje! Jike mmojawapo anashika nafasi. Saa hiyo hiyo anaanza kuongoza. Na zikipita wiki chache, mwili nao unabadilika. Anakuwa dume kamili!"

"Jike yupi?" akauliza katekista. Aliuliza kwa nia njema. Namsamehe.

"Yule mkubwa kuliko wote."

Na mkono wangu, bila kuniomba ruhusa, ukanyooka na kumwelekea Mama.

Niwaeleze Mama yangu. Ni mwanamke mkubwa. Benchi letu la ukumbini ni la watu wanne. Mama akikaa ni la watu wawili. Hakuna anayelitaja hilo. Hata daktari alilizunguka.

Nilisikia kuku wangu mmoja akikwangua bati.

"Kwa hiyo," akasema Mzee Didas, taratibu, kama mtu anayemenya kiazi cha moto, "kijana unatuambia Mama Deo anageuka dume?"

Mtu mwingine angekaa. Mimi sikukaa.

"Simaanishi ndevu, Mzee! Naeleza maumbile!"

Mama Rozi akaanza kunong'ona kwa nguvu. Hakuna aliyemsikia, ikabidi jirani yake awe kipaza sauti: "Mama Rozi anasema yeye amezaliwa Kipili, amepasua migebuka tangu hajaota meno, na hajaona jike aliyegeuka!"

Huyo ndiye alikuwa upande wetu!

"Migebuka ni wa ziwani!" nikajibu. "Mimi nasema wa baharini!"

Jirani yetu Mama Holo, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, naye akainua mkono. "Kwetu ng'ombe jike hata anone vipi, ni jike tu. Kama samaki wako ni kweli, Deo, tuonyeshe."

"Tuonyeshe!" wakaitikia wote.

Ningeweza kusema simu haina chaji. Ilikuwa na chaji. Ningeweza kusema video imefutika. Mimi, kwa ubishi wangu, nikaichomoa mfukoni kama polisi anayetoa kitambulisho, nikampa katekista, nikasema: "Iangalieni yote."

Yote! Mimi ambaye siijui nusu yake!

Wakajikusanya. Vichwa vikagongana. Samaki akatokea, buluu na mstari mweusi, akaingia mdomoni mwa jitu la samaki, wakashangaa: "Eee!" Dume akatoweka, jike mkubwa akaanza kuwaongoza wenzake. Sauti ya video ikasema neno kwa neno nilivyosema. Nikakunja mikono kifuani. Nikamtazama Mzee Didas. Nilikuwa nimeshinda, ndugu zangu, na ushindi wangu uliishi kama dakika ya chai.

Kwa sababu video iliendelea.

Kwanza ikasema samaki yule msafishaji si mwaminifu sana. Akipata nafasi huacha wadudu na kung'ata ute mtamu wa mteja, na jike akifanya hivyo dume humfukuza. Akina mama wakanigeukia. Halafu sauti ikasema kwamba jike aliyegeuka dume, akikutanishwa na dume mkubwa kumshinda, anaweza kurudi kuwa jike.

"Simamisha hapo!" akasema Mzee Didas.

Katekista akasimamisha.

"Rudisha."

Akarudisha. Tukaisikia tena, wote, pamoja na kuku.

"Amina," akasema Mzee Didas. Akainua mikono. "Hata baharini! Dume halisi akifika, jike anarudi kwenye nafasi yake. Asante sana, kijana. Umenisemea kuliko mdogo wangu."

Vicheko vikaanguka kama mvua ya mawe. Wazee wanapigana mabega. Mama Rozi anacheka bila sauti, machozi yanamtoka. Nikatafuta mahali pa kujificha. Nilikumbuka yule samaki na ufa wake wa mwamba. Uwanja wetu hauna ufa. Mama aliufagia mno.

Nilimtazama Mama. Hiki ndicho kilichoniuma, kejeli nimezizoea. Mkono wake ulikuwa umeshika pindo la kitenge, kile kipya, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona gari lake linaondoka. Miaka yote ya sufuria na sala za watoto, na mwanawe wa kumzaa ameiuza kwa samaki.

Kisha akaachia pindo. Akasema neno moja la Kifipa ambalo sitaliandika hapa. (Lilinihusu.) Akasimama.

Mama akisimama unaona kitu kinafanyika. Benchi lilipumua.

"Katekista," akasema, kichwa hakijainama hata kidogo, "mimi sijisemei. Nauliza swali tu. Video imesema akija dume mkubwa kumshinda. Sivyo?"

"Ndivyo, Mama Deo."

"Basi asimame tumwone."

Nimeshawaambia Mama alivyo. Sijawaambia Mzee Didas alivyo. Mzee Didas ni mwembamba kama bua la ulezi, na kwa urefu anamfikia Mama begani, akivaa kofia. Watu wote wakamgeukia. Hakusimama. Alianza kutafuta kitu chini ya kiti chake, na nadhani hadi sasa hajakipata.

Mama Holo ndiye aliyeanza kupiga vigelegele. Mama Rozi naye akajaribu, ukatoka upepo.

Kura kwetu hupigwa kwa punje. Unapita nyuma ya mlango wa jikoni, unatumbukiza kwenye chungu: hindi kwa Mama, haragwe kwa Mzee Didas. Katekista akamwaga chungu kwenye ungo mbele ya wote. Mahindi yalikuwa mengi. Maharage yaliyokuwemo usingepikia hata mtoto mboga.

Mzee Didas, na hapa nampa heshima yake, alichuchumaa akampigia Mama makofi ya pongezi. "Mwenyekiti," akasema. Mama akapokea kwa kichwa kilichoinama, sasa kwa haki kabisa.

Nikadhani yameisha. Nikaanza kusogea kuelekea chumbani, kinyumenyume.

"Deo!"

Sauti ile ile aliyoijaribu kwa kuku.

"Kazi yangu ya kwanza," akatangaza Mwenyekiti. "Kuna semina ya jumuiya kule Mwazye. Tunatakiwa kupeleka mjumbe. Anakwenda Deo. Analala huko huko."

"Mama, na kuku?"

"Kuku nitawalisha mimi. Dume anaangalia familia, au video ilisemaje?"

Walicheka mpaka togwa ikamwagika.

Basi ndivyo nilivyo. Begi liko mlangoni, amelifunga yeye, na juu yake ameweka blanketi langu akisema ndiyo ute wangu. Watoto wa mtaa wanapita dirishani wanaachama midomo ili niingie kusafisha meno. Na bado nasema, na Mwazye nitasema: samaki yule ni wa kweli, nilichokisema ni kweli, na Mama ni mwenyekiti. Kosa langu lilikuwa mkono tu. Na usingizi.

Anayetaka kucheka achekee kwake, ila kwanza asimame tumwone ukubwa wake.