Mawe Niliyompangia Mutanu

Jumatatu, 16 Juni

Joto. Mbu. Mutanu anakuja! Jumamosi, kwa basi la alfajiri kutoka Mwingi. Nimeruka ofisini mpaka Salah, karani mwenzangu katika ofisi ya maji, akauliza kama nimeumwa na nge.

Kisha nikakumbuka anakuja kwa nini. Anahamishwa kazi yake ya ualimu. Achague Garissa, hapa nilipo, au Kitui, na fomu inafungwa Jumatatu ijayo saa sita mchana. Kwanza anataka kuiona njia yangu. Ile ninayomwandikia kila wiki: mzunguko wa kilomita tisa, si mgumu si rahisi, kando ya Mto Tana, kupitia mabaki manne ya kale. Mutanu anapenda kutembea kuliko kula. Miaka miwili namsimulia njia hiyo. Haipo. Mimi hutembea kutoka nyumbani hadi hotelini kwa chai, na kurudi.

Basi, njia itakuwepo. Siku tano zinatosha.

Jumanne, 17 Juni

Nimeomba ruhusa ya tumbo. Njia imepatikana, ng'ombe walikwisha kuitengeneza. Mabaki ya kale pia: tangi bovu la saruji (Birika la Mkoloni), kichuguu (Mnara wa Walinzi), ukuta wa choo kilichobomoka (sijakipa jina bado). Kila kituo nimerundika mawe ya kumwongoza mgeni. Rundo la nne, karibu na pale mifugo inaposhukia kunywa maji, nimelilaza chini, refu kama mimi, lielekee mtoni. Hapo ndipo Mutanu atapumzika.

Mgongo wote maumivu. Nilikaa pale nikikumbuka anavyotembea, mikono nyuma, amenitangulia bila kujua nimebaki. Jua likazama nikiwa bado nimekaa.

Alhamisi, 19 Juni

Ajabu! Yale marundo matatu mbuzi wameyatawanya, lakini refu limepambwa. Mawe yamenyooshwa, na kuzunguka pande zote kuna matawi ya miiba. Nikajua wananchi wameshaanza kuhifadhi historia yao.

Hapo nikawaona mzee Billow, mwenye ng'ombe, na Eeddo Kaltun, yaani shangazi kwa Kisomali, anayetuuzia maziwa ya ngamia mtaani. Wamesimama, viganja vimefunguliwa, wanaomba dua. Walipomaliza, Eeddo akanishika mkono. Alisema aliniona Jumanne nikilia juu ya mawe haya. Miiba wameweka wao, fisi asifukue. Akauliza taratibu ni nani wangu aliyelala hapa.

Hapo ndipo mtu mwenye akili husema ukweli. Mimi nikafungua kinywa kikajisemea chenyewe: msichana wa Mwingi, Mutanu, tungeoana. Machozi yakanitoka, na yalikuwa ya kweli. Mtu wa kunishika mkono sikuwa nimempata miaka miwili.

Ijumaa, 20 Juni

Baada ya swala wamekuja nyumbani watu kumi na mmoja. Maziwa, sukari, tende. Nimekula tende kwa aibu, nyingi. Mzee Billow akanihimiza nisubiri, maana subira ina malipo.

Salah akanivuta kando. Kasema hapa mawe marefu namna ile ni kaburi, hata mtoto anajua, na niende nikawaambie leo leo. Wivu tu. Hajawahi kuandikiwa na mwalimu.

Mpango mpya: Jumamosi, tukishapita choo, tukate kona kabla ya mtoni. Hatapaona.

Jumamosi, 21 Juni

Amekuja. Amenenepa kidogo mashavuni. Nilisahau hotuba yote niliyoiandaa.

Tulianza saa kumi jioni. Birika la Mkoloni alilitazama sana, akakohoa. Kwenye choo akauliza ni karne ya ngapi. Nikasema wanahistoria bado wanabishana. Akanitangulia, mikono nyuma. Nilitaka mzunguko ule usiishe.

Kona yangu ilikuwa imejaa ng'ombe. Ni zamu ya mzee Billow kunywesha; wanyama mia mbili hawapishi karani. Tukasukumwa mpaka kwenye miiba, mpaka kwa Eeddo Kaltun na kibuyu chake. Akamsalimu mgeni, akamwuliza jina. Nikaanza kusema ni dada yangu.

"Naitwa Mutanu," akasema Mutanu. "Natoka Mwingi."

Eeddo akaketi chini. Akaushika mkono wa Mutanu, akaubonyeza, akaukuta una joto. Mzee Billow akamshukuru Mungu, kisha akataka kujua siku tatu hizi walikuwa wakimwombea nani. Nikaeleza yote. Eeddo hakunifokea. Kasema tu maziwa ya msiba hayarudishwi, ila mawe niyaondoe mwenyewe, wasije wengine wakaombea udongo.

Tuliyaondoa wawili, mimi na Mutanu. Alikuwa anacheka, halafu akawa hacheki.

"Koome, ungeniambia tu una hamu nami. Ningekuja hata kama kuna njia ya sokoni peke yake."

Nikabeba jiwe.

Jumapili, 22 Juni

Kituo cha basi. Kasema fomu bado haijajazwa. Nimwandikie kabla ya saa sita kesho, jambo moja tu, la kweli. Asione mto wala mabaki ya kale humo.

Basi limeondoka. Nimebaki nikilitazama vumbi lake mpaka mwenye mbuzi akaniomba nipishe.

Jumatatu, 23 Juni

Saa tatu nimeandika: Nina hamu nawe. Maneno matatu. Nikayasoma. Kweli tupu, lakini yalivyokonda! Mwanamke ataacha Kitui kwa maneno matatu?

Nimeyafuta. Nikamwandikia habari za ngome iliyogunduliwa juzi juu ya kilima, ngazi sabini, ukifika juu unaona mto wote ukijikunja. Nimetuma saa tano na nusu.

Ameusoma ujumbe. Saa sita imepita, saa nane imepita, yuko kimya. Bila shaka anafunga mizigo.

Salah anasema Garissa haina kilima. Kesho alfajiri nianze kukusanya mawe.