Mtutu Upi kwa Panya wa Bi Stubley

Lionel Tranter alikuwa baa, mjini Thorsby, akila chakula chake cha mchana, aliposikia wanaume wawili wazima, wenye wake na pensheni, wakikaribia kuvunja urafiki wa miaka ishirini kwa sababu ya unene wa mtutu wa bunduki ya upepo. Garth Cawkwell alishikilia kwamba mtutu mwembamba ndio mtutu: kidonge chake cha risasi huenda mbio na kunyooka, hata sungura akiwa hatua arobaini huna haja ya kupiga hesabu. Norman Pask akasema huo ni mtutu wa kutobolea makopo. Mnyama anataka mtutu mnene na kidonge kizito, kinachokwenda taratibu kama barua, lakini kikifika kimefika.

Tranter akafuta mdomo. Yeye alikulia kwenye banda la shabaha la maonyesho ya kuzunguka, ambako baba yake alikuwa akipinda mitutu kwa mikono yake mwenyewe ili mteja asije akashinda kitu. Huko alijifunza fani mbili, kupiga shabaha na kupiga watu changa la macho, na zote mbili hakuwa wa kukosa.

"Mabwana," aliwaambia, "shida si mtutu. Shida ni kwamba hamjawahi kupimwa."

Jumamosi akajitokeza sokoni na meza, futi ya fundi cherehani na koti jeupe, kwani binadamu akimwona mtu wa koti jeupe huvua kofia na akili kwa pamoja. Alimpima mteja kutoka jicho hadi bega, akampulizisha mrija wa plastiki, akaandika tarakimu, akasikitika. Jibu lilikuwa lile lile kwa kila mtu: bunduki uliyo nayo haikubaliani na maumbile yako. Wa mtutu mwembamba aliambiwa anahitaji mnene, wa mnene akaambiwa mwembamba. Aiache, aongeze paundi tisini, arudi alasiri kuchukua inayomfaa. Mchana Tranter aliingia nyuma ya gari lake, akapaka vitako vya bunduki zote rangi nyeusi, akazibadilisha wenyewe. Hivyo bunduki ya Cawkwell ikaondoka na Pask, ya Pask ikaondoka na Cawkwell, na kila mmoja akamshika daktari huyo wa koti jeupe mkono kwa shukrani ya mgonjwa aliyepona.

Jumamosi ya pili akaja mjane mmoja, Bi Maureen Stubley, na kapu la vitunguu na uso wa mtu anayeulizia njia. Alisema marehemu mumewe amemwachia kabati la bunduki kumi na moja. Yeye alitaka kubaki na moja tu, ya panya na sungura.

"Lakini sijui mtutu upi, mwanangu. Atakayenisaidia kuchagua, hizo nyingine azichukue kwa bei atakayoona mwenyewe inafaa."

Maneno hayo yalimwingia Tranter masikioni kama asali. Akataka kumpima palepale. Bi Stubley akakataa kwa upole. Yeye si msomi, alisema, anaamini akiona panya amelala. Kuhusu kabati, ufunguo ulikuwa kwa mwanasheria, na wanasheria mnawajua.

Jumatatu asubuhi Tranter alikuwa ghalani kwa Bi Stubley na bunduki zake mbili. Kwa mtutu mwembamba akaangusha panya kumi na wanne, mmoja akiwa amejibanza juu ya boriti. Mjane akapiga makofi, akaandika kwenye daftari, akauliza kama mtutu mnene nao ungeweza. Jumanne ukaweza, panya kumi na saba. Akasema amekaribia kuamua, ila panya si njiwa. Jumatano wakawa kwenye shamba la kabeji la mtu aliyeitwa binamu, na Alhamisi kwa binamu mwingine, kwani njiwa wa jana walipigwa kwa mwembamba tu na haikuwa haki kwa ule mnene. Bi Stubley alikuwa na mabinamu wengi kuliko mfalme.

Wiki tatu zikapita hivyo. Tranter alilala kifudifudi kwenye umande akingoja sungura, akapanda miti kufuata kindi, akalipwa chai na biskuti zilizokauka. Jumamosi za soko zilimpita, lakini mtu anayengoja bunduki kumi na moja kwa bei ya kutupa hahangaiki na tisini tisini. Kila jioni mjane alihema na kusema bado nusu ya moyo wake iko kwa mnene.

Ijumaa ya tatu walikuwa uwanja wa gofu. Bi Stubley alitangulia nyumbani na sungura wa asubuhi. Msimamizi wa uwanja akamletea Tranter chai, akamsifu: mwaka huu Bi Stubley amepata mtu hasa. Wa mwaka jana, yule aliyekuwa akiuza filimbi za kufukuza fuko wa bustanini, hakujua hata kushika bunduki, ingawa alitega mitego vizuri. Bei anayotutoza mama ni kali, msimamizi alisema, ila kazi yake safi.

Tranter akaiacha chai nusu. Akashuka mjini kwa miguu. Buchani aliwaona sungura wake wakining'inia dirishani, wakiuzwa vizuri tu. Huko huko akasikia habari ya kumfanya asikanyage tena sokoni: mvua ya Jumapili ilikuwa imeosha rangi ya vitako Cawkwell na Pask wakiwa pamoja shambani, na kila mmoja akaitambua bunduki yake begani kwa mwenzake. Sasa walikuwa wakimtafuta daktari bega kwa bega.

Alimkuta Bi Stubley jikoni akinyonyoa njiwa. Akamuuliza liko wapi kabati. Mjane akaonyesha kwa kidevu. Halikuwa na kufuli. Ndani mlikuwa na fagio na chupa za jamu.

"Umenifanyisha kazi wiki tatu bure," alisema Tranter.

"Hukuuliza malipo."

"Kwa nini hukumtafuta mtu mwaminifu?"

"Ni ghali," alisema Bi Stubley bila kuacha kunyonyoa. "Mwaminifu huuliza ujira siku ya kwanza, kabla hajavua koti. Mjanja hathubutu kuuliza, anaogopa utagundua kuwa anataka kitu. Wewe hata biskuti ulikuwa unaomba radhi kuchukua."

Tranter akakaa. Mji ulikuwa umemfungia mlango, viatu vilikuwa na matope, na kwa aibu kubwa akagundua kwamba kazi yenyewe alikuwa ameanza kuipenda. Alijua Jumatatu kuna kindi wanaokula paa la kanisa. Akakohoa.

"Hiyo ya kanisani," alisema, "ungenilipa ngapi?"

Bi Stubley akaweka njiwa chini, akamtazama kwa masikitiko ya kweli.

"Basi umeshaharibika, mwanangu. Sina haja nawe tena."