Ombi la Kuwekewa Masharti

Kwa Mkuu wa Shirika Linalogawa Fedha Bila Kuuliza,
Ofisini kwako, popote ilipo.

Ndugu Mkuu (vijana wako walisema tu "mkubwa wetu", kwa hiyo sijui kama nikuite baba au mama),

YAH: MALALAMIKO JUU YA FEDHA MLIZOTUPA, NA OMBI LA KUWEKEWA MASHARTI

Nakusalimu sana na pole kwa kazi. Sisi huku ni wazima wote, na uzima huo nao ni sehemu ya malalamiko yangu, utaona mbele.

Mimi ni bibi wa nyumba ya mwisho kabla ya kijito, ile yenye mabati mapya. Zamani ungeelekezwa "ile yenye nyasi zilizobonyea upande mmoja." Shule sikwenda hata siku moja, wenzangu walipopelekwa, mimi niliachiwa mbuzi. Anayeshika kalamu hapa ni mkwe wangu, mke wa mwanangu. Nimemwambia aandike ninavyosema na asiniongezee adabu. Adabu nitaiweka mwenyewe pale itakapohitajika.

Misaada naijua, Ndugu Mkuu. Nimeipokea tangu meno yangu yote yakiwa mdomoni. Waliotupa majembe walitaka tuwaimbie. Waliotupa mbegu walitukalisha siku nne tukifundishwa kunawa mikono, na maji ya kunawia tuliyabeba sisi kichwani. Waliotupa kuku walirudi kila Jumanne kuuliza hali ya kuku; hali zetu hawakuziuliza. Kuku walipokufa tukaazima wa jirani, wakapigwa picha, kila mtu akafurahi. Kazi hiyo tuliiweza. Mtu anakuja na sharti lake, unalitazama, unalipinda kidogo, maisha yanaendelea.

Mkaja nyinyi. Vijana wawili, mmoja mrefu, mwingine amevaa viatu vikubwa kuliko miguu yake. Wakaandika majina, wakaandika namba ya simu ya mwanangu, wakasema fedha zitaingia mara mbili, sasa hivi na baada ya mavuno. Nikauliza, "Mnataka tuzifanyie nini?"

Yule mrefu akasema, "Chochote, bibi."

"Chochote kipi?"

"Chochote mnachotaka wenyewe."

"Na mtakuja kukagua lini?"

"Hatuji kukagua."

Nikamgeukia mwanangu nikamwambia, hawa ni wezi, hesabu kuku.

Kumbe mlikuwa mnasema kweli. Na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Nayapanga moja moja ili usipotee.

1. Mmetunyang'anya mtu wa kumlaumu. Zamani jambo likiharibika tulisema "ni mradi," tukalala usingizi. Safari hii simu ya mwanangu ililia kule shambani, akaja mbio kama aliyekanyaga siafu, tukakaa chini watu wazima watatu tukitazamana. Mwanangu akasema mabati na mbolea. Mkwe wangu akasema cherehani. Kisha wakanigeukia, "Na wewe mama?" Ndugu Mkuu, nina umri huu na sikuwahi kuulizwa ninataka nini. Nikatafuta jibu, nikakuta sina. Siku ya pili bado sina. Siku ya tatu nikasema nataka kiti chenye mgongo. Tukakubaliana: chakula cha kutufikisha mavunoni, mabati, mbolea, mbegu na kiti sasa, cherehani mkituma mara ya pili. Kiti kikaja. Ni kizuri mno, na hilo ni kosa. Nikikaa siinuki. Wapita njia wanadhani ninaumwa, wanaingia kunipa pole, na mtu akikupa pole lazima umpe chai. Sukari yote imekwisha kwa sababu ya mgongo wa kiti.

2. Mabati. Sitasema hayafai. Hayavuji, na beseni tulilokuwa tukikingia maji ya mvua ndani sasa linafuliwa nguo kama mabeseni ya watu wengine. Lakini mvua ikinyesha, kelele yake juu ya bati inazima maneno yangu. Juma lililopita nilimwonya mwanangu juu ya ulegevu wake kuanzia adhuhuri hadi alasiri, hoja baada ya hoja, na zilikuwa hoja nzuri. Mvua ilipokatika akaniuliza, "Mama, ulikuwa unaimba?"

3. Mwanangu anashinda nyumbani. Hili nilieleze vizuri, maana watu wa ofisini huenda hamlijui. Huku kwetu mvua za kwanza ndizo za kupandia, na mvua za kwanza ndipo ghala linapokuwa tupu. Kwa hiyo mwenye njaa anakwenda kulima shamba la mwingine apate unga wa siku ile, na lake linasubiri. Anakuja kupanda lake mvua zimeshachoka. Mahindi yanatoka mafupi kama yameona haya, na mwaka unaofuata ni vilevile. Mwanangu amelima hivyo kwa jirani yetu tunayemwita Bwana Ekari tangu ndevu hazijamwota.

Mwaka huu unga ulikuwepo. Siku ya tatu ya mvua tulikuwa tumeshapanda. Matokeo yake mahindi yamenipita kimo, sioni tena barabara nikiwa uani. Nani amepita na nani, nani amebeba nini, harusi ipi imevunjika, yote hayo sasa nayasikia kwa kuchelewa kama mgeni.

Na Bwana Ekari mwenyewe amekuja hapa kwa miguu. Mtu huyu miaka ishirini alinisalimia kwa honi ya pikipiki. Amesimama mlangoni, kofia mkononi: "Shikamoo mama. Niombee kwa kijana, nitaongeza malipo, na chakula cha mchana kitakuwepo." Nikamwambia kijana ana shamba lake, mwenyewe ajaribu jembe, halina masharti. Alijaribu. Malengelenge aliyopata viganjani nimeyaona kwa macho yangu, na nimempelekea maji ya chumvi. Sasa unaona mmenifikisha wapi? Nimeanza kumhurumia Bwana Ekari.

4. Mmenifumania. Miaka saba nimekuwa na ugonjwa wa maharage. Miezi ya njaa, chungu kilipoteremshwa motoni, nilisema, "Mimi nipeni mchuzi tu, maharage yananisokota tumbo." Hakuna aliyeniuliza, na sikutaka waniulize. Mwaka huu chungu kilikuwa kimejaa, nikajisahau, nikala sahani mbili nikafuta na mchuzi. Mjukuu wangu, ambaye mdomo wake hauna mlango, akasema mbele ya watu, "Bibi, tumbo lako limepona lini?"

Mwanangu akaangalia sahani yake. Mkwe wangu akaenda jikoni kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

(Kalamu imesimama hapa. Mkwe wangu ananiambia ni wino. Wino ni mpya, ameununua juzi. Haya mama, futa uso, tuendelee, ofisi za watu zinafungwa.)

5. Hili ndilo lililonifanya niombe karatasi. Yale manne ya juu nilikuwa nasafisha koo.

Nina dada yangu, tumbo moja, yeye ndiye aliyenitangulia kuzaliwa. Nyumba yake iko ng'ambo ya kijito, mlango wa bluu uliochubuka. Nikipiga kelele kwa nguvu ananisikia, na hunijibu ninyamaze. Mvua yake ndiyo yetu, udongo wake ndio wetu, njaa yake ni ileile tena ameizoea kunizidi. Lakini orodha yenu iliishia kwenye kijito. Waliochora mpaka walifika wakaona maji, nadhani wakaogopa kulowesha viatu.

Kati yangu na dada kuna kikapu. Alikisuka marehemu mama. Kimeshashonwa mdomo mara tatu. Kinakwenda kwake na kitu, kinarudi kwangu na kitu, na hakirudi kitupu. Kitu chenyewe si lazima kiwe kikubwa. Amewahi kunirudishia chumvi iliyofungwa kwenye jani. Nimewahi kumpelekea vijiti vikavu vya kuwashia moto. Kiangazi kimoja kibaya nilimpelekea mayai mawili, akarudisha kikapu na yai moja pamoja na maneno: "Moja limeoza, ongeza ukweli." Tumekwenda hivyo tangu tulipoolewa, na hatujawahi kukaa juma zima bila kikapu kuvuka maji.

Fedha zenu zilipoingia nilifurahi mpaka akili ikanitoka. Nikakijaza. Sukari, sabuni miche mitatu, mafuta ya kupikia, kitambaa cha gauni, na juu kabisa majani ya chai ya pakiti. Vipini viliniuma mkononi wakati wa kuvuka. Nikamwekea mlangoni, nikarudi nikicheka peke yangu kama mwizi.

Kikapu hakijarudi. Hili ni juma la saba.

Nimekutana naye kwenye mashine ya kusaga. Nikamwambia, "Dada, kikapu changu vipi?"

"Kipo."

"Basi nitumie."

"Haraka ya nini? Si una hela? Kanunue kingine."

Foleni nzima ikaanza kuchungulia unga wao. Mimi nikaenda nyumbani nikausahau wangu palepale.

Hana kinyongo, Ndugu Mkuu, namjua. Ana aibu. Atie nini ndani ya kikapu kilichokuja vile? Anatafuta kitu kinacholingana, hakipati, kukirudisha kitupu hawezi. Kwa hiyo anakaa na kikapu, mimi nakaa kwenye kiti chenye mgongo, na kijito kimekuwa bahari. Nimekula naye njaa miaka yote hatukukosana. Nimeshiba msimu mmoja tu, nimempoteza.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa heshima (hapa adabu inahitajika) mtuwekee masharti kama mashirika mengine yenye akili. Napendekeza haya:

Kwanza, mpokeaji asipande kabla ya mvua kuchoka, ili mahindi yabaki chini ya mabega yangu.

Pili, bati moja liachwe na tundu, upande wa mwanangu, ili mvua ikinyesha asogee karibu na mdomo wangu.

Tatu, kiti kiwe na mgongo nusu.

Nne, mjukuu asiulize maswali wakati wa kula.

Tano, na hili liandikwe kwa herufi kubwa na mhuri: MPOKEAJI HARUHUSIWI KUJAZA KIKAPU. Nikilipata hilo nitamwendea dada na karatasi mkononi, nimwambie, "Unaona? Nilikosea sheria, nimekatazwa, nirudishie hata majani matatu ya mboga tuanze upya." Atafurahi sana kusikia nimekatazwa.

Mkishindwa kuweka masharti, basi zile za mara ya pili msilete. Kaeni nazo. Tulikuwa na shida tulizozizoea, tulijua kila moja inalala wapi.

Nisalimie wote ofisini. Msalimie yule kijana mrefu, mwambie kuku nimewahesabu, walitimia, na samahani. Yule wa viatu vikubwa aambiwe atie pamba mbele. Msalimie mama yako kama yupo. Kama hayupo, pole. Na msalimie anayebonyeza kile kitufe cha kutuma, maana siku ile alinifanya nimwone mwanangu akikimbia kama mtoto, na nilikuwa nimesahau namna anavyokimbia.

Wako anayelalamika akiwa ameshiba,

Bibi wa Mabati Mapya
(dole gumba la kulia, limeoshwa kabla ya kuchovywa)

Nyongeza, kabla bahasha haijalambwa:

Mkwe wangu amenisomea barua yote kwa sauti. Nimeisikiliza nikiwa kwenye kiti, nikaona mzee aliyesema haya ana kichaa kidogo. Futeni masharti yote matano. La tundu la bati hasa.

Zile za mara ya pili zileteni, ila mzikate nusu. Nusu moja ije hapa, mkwe wangu atanunua cherehani iliyotumika. Amesema mwenyewe inatosha, na mstari huu ameuandika bila kusukumwa. Nusu nyingine ivuke kijito iende kwenye mlango wa bluu. Msiseme imetoka kwangu, ataitupa majini nami nitaona kwa macho. Aende yule kijana mrefu, aseme wamepanua orodha. Na msiipanue kwa mdomo tu. Ng'ambo ile kuna milango mingine mingi, ya rangi zote na isiyo na rangi.

Mkinijibu kwamba sheria zenu haziruhusu, nitawauliza, sheria zipi? Si mlisema chochote? Chochote changu ndicho hicho.

Dada atakuwa mkali. Atauliza mnataka azifanyie nini, mtakuja kukagua lini, nani kawatuma. Asiwekewe sharti hata moja. Aambiwe nilivyoambiwa mimi, kisha kijana aondoke upesi, kwa sababu na yeye atahesabu kuku.

Msihangaike kuniandikia kwamba zimefika. Nitajua siku kikapu kitakapovuka, hata kama ndani yake kuna yai moja lililooza.