Baiskeli Tisa za Svetozar

Karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa banda la baiskeli, kando ya ziwa Palić, ilikuwa na maneno machache: "Leo tumefunga. Tuna slava." Mtu mwingine angeisoma akarudi zake nyumbani. Ranisav aliisoma mara mbili, akavua kofia kwa heshima, kisha akatoa bisibisi mfukoni.

Tusimwonee, hakuwa mtu wa pupa. Alifikiri kwanza. Slava ni siku ya mtakatifu wa ukoo, na siku hiyo mwenye nyumba hatoki. Anasimama kutwa nzima pembeni ya meza akiwahudumia wageni, hakai hata miguu ivimbe. Kwa hiyo mwenye banda, awe awaye, yuko kifungoni kwake mpaka jioni. Tena slava haina mwaliko: anayebisha hodi anakaribishwa, analishwa, na hafukuzwi hata akiwa na sura ya mkosi. Na siku ya Mtakatifu Georgi, tarehe sita Mei, nusu ya mji jirani wa Subotica inachoma mwanakondoo. Baiskeli za bure, chakula cha bure. Walikosekana watu wa kulipa tu.

Hao aliwakuta stesheni: wazee wanane, Waholanzi kwa maneno yao wenyewe, wamevaa makoti ya mvua ya njano ilhali jua linawaka. Kiongozi wao, Bi Geertje, alikuwa mfupi, mwenye mashavu mekundu na uso ambao ungeukabidhi funguo za nyumba yako bila kuuliza.

"Ziara ya mji kwa baiskeli," Ranisav alimwambia kwa Kijerumani cha kuungaunga, "pamoja na chakula katika nyumba tatu za watu wa ukoo wangu. Euro sitini kwa kila mtu."

"Tutalipa mwishoni," alijibu Bi Geertje. "Kwetu ndiyo desturi."

"Mama, mimi na desturi ni damu moja," alisema Ranisav, na kwa kweli siku hiyo desturi ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

Wakapanda zile baiskeli tisa za bandani, alizokuwa ameziegesha nje ya stesheni, wakaondoka kwa msururu. Jengo la manispaa, lenye vigae vya rangi, aliwaambia lilijengwa na mwoka keki aliyefiwa na mkewe. Kwenye chemchemi ya bluu aliwaambia kuwa atakayeosha magurudumu yake hapo hatapasukiwa na tairi maisha yake yote. Wazee wanane wakashuka na kuosha magurudumu huku watu wa mji wakiwatolea macho. Bi Geertje aliuliza swali moja tu.

"Na barabara ile inakwenda wapi?"

"Mpakani, mama. Kilomita kumi hivi, tambarare tupu. Hakuna cha kuona."

Bi Geertje akaandika kwenye kidaftari chake.

Nyumba ya kwanza walikula samaki. Ya pili walikula samaki, nyama na keki za aina sita. Kufika ya tatu, yenye geti la kijani, Ranisav alikuwa ameshauzoea mchezo. Aliingia mikono wazi, akambusu mwenye nyumba mara tatu mashavuni, "Heri ya slava, mjomba!" Mwenye nyumba, pande la mtu lenye masharubu, aliitwa Svetozar. Mama yake, Bibi Kosara, aliwapitishia bakuli la ngano tamu, kila mgeni kijiko kimoja, mbele ya mshumaa mrefu uliokuwa ukiwaka. Svetozar akatoka kidogo kwenda kuziegesha baiskeli kivulini. Aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Aliinama nyuma ya kiti cha Ranisav, akaanza kumpakulia supu.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya asali, "zile baiskeli ni zangu."

Kijiko cha Ranisav kikakwama njiani.

"Tabasamu, wageni wanakuangalia. Mshumaa wa Mtakatifu unawaka, na ukiwaka mgeni haguswi humu ndani. Kunywa supu yako taratibu. Ila ukikanyaga nje ya geti lile, naivunja miguu yako yote miwili."

"Anasemaje?" aliuliza Bi Geertje.

"Anasema mjisikie mko kwenu, na miguu yenu ipumzike."

"Mwambie chakula ni kizuri sana. Euro sitini ni halali yake!" Na ili aeleweke vizuri, akamwonyesha Svetozar vidole sita, akafanya sifuri kwa kidole gumba na cha shahada, kisha akaionyesha meza.

Svetozar hakujua Kijerumani, lakini neno euro halihitaji mkalimani. Jirani yake Žarko, askari polisi aliyekuwa amekaa pembeni na paja la mwanakondoo, ndiye aliyeliweka wazi. "Huyu bwana amewauzia slava yako."

Bibi Kosara, aliyekuwa amesikia yote, akapiga ishara ya msalaba. "Baiskeli ni chuma tu. Lakini meza ya Mtakatifu! Wee kijana, huogopi?"

"Žarko, wewe si polisi?" Svetozar alifoka kwa kunong'ona.

"Leo ni mgeni kama yeye. Kesho saa moja asubuhi ndiyo niko kazini." Lakini alibeba kiti chake na paja lake, akaenda kukaa mbele ya geti.

Hapo Ranisav akaelewa hali yake. Usalama wake ulikuwa mezani, na mgeni aliyeshiba hushukuru akaondoka. Kwa hiyo hakuruhusiwa kushiba. Akala. Alikula majani kumi na moja ya kabichi yaliyoviringishiwa nyama, akala mbavu, akaomba supu tena. Jasho lilimtoka kama mtu anayelima. Aliogopa, na kusema kweli alikuwa na haki ya kuogopa.

Wazee wakainuka. Bi Geertje aliomba waende wakazunguke kidogo, chakula kishuke.

"Nami ni kiongozi wao," Ranisav alisema haraka, akishika kofia. "Siwezi kuwaacha."

"Wao waende," alisema Svetozar. "Watarudi tu, kiongozi wao ninaye hapa. Wewe ndiye rehani yangu. Hujaonja keki."

Na kwa kuwa hawa walikuwa wageni wasio na hatia, Svetozar aliwahudumia ipasavyo. Alimjazia upepo mzee mmoja gurudumu la nyuma. Alimshushia Bi Geertje kiti cha baiskeli apande vizuri. Bibi Kosara aliwafungia keki za njiani na chupa ya rakija, ile pombe kali ya matunda, kila mmoja, akawabusu wote. Žarko akasogeza kiti na kuwafungulia geti. Makoti manane ya njano yakapinda kona yakiimba.

Ikapita saa moja. Ikapita ya pili. Žarko akaacha kutafuna, akampigia simu mwenzake wa mpakani, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Wazee wanane wa baiskeli," alisema akikata simu. "Wameshavuka kitambo. Kijana wetu aliwapigia saluti. Wamempa keki."

Uani ilibaki baiskeli moja, ile ya Ranisav.

"Hawajanilipa," alisema Ranisav, na machozi yakamtoka, ya kweli, labda ya kwanza ya kweli tangu aache shule. "Hata senti moja!"

Svetozar akakaa chini. Miaka ishirini na nane hakuwahi kukaa siku ya slava.

"Wewe ni mwizi wa namna gani?" aliuliza, na sasa hasira ilikuwa imegeuka kuwa aibu kwa niaba ya mwizi wake. "Unaiba, halafu unaibiwa na vikongwe?"

Ranisav alishaitwa majina mengi mahakamani na nje, lakini hilo lilimchoma. "Na wewe je? Si ndiye uliyewajazia upepo?"

Bibi Kosara akaangua kicheko mpaka akashikilia meza.

"Kesho alfajiri, bandani," alisema Svetozar hatimaye. "Utatengeneza baiskeli mpaka thamani ya zile nane zangu irudi. Au kesho hiyohiyo uende na Žarko. Chagua."

Ranisav akafuta macho, akamwangalia Žarko, akaliangalia geti.

"Na mshahara?"

Svetozar akainuka pole pole, akautazama mshumaa wa Mtakatifu Georgi kuona umebaki urefu gani kabla haujazimika, akammiminia divai.