Mama Yake Rotich Ndani ya Miwani

Jumatatu, 3 Novemba

Majaribio ya kwanza! Unavaa miwani ya VR, unajikuta Unguja, unazunguka vichochoroni. Kazi yangu ya miaka miwili. Mjaribu: dada yangu Kauthar, katoka soko la vitambaa la Zhongda, miguu imemvimba. Akageuza kichwa kushoto. Picha ikamfuata baadaye, kwa kurukaruka. Hata kona ya pili hakufika, akatapikia sampuli zake za vitambaa. Kasema mchezo wangu ni malaria bila mbu. Nimeandika: mjaribu hana stamina.

Jumanne, 4 Novemba

Othman naye ana mchezo wa VR, wa kuendesha lori. Michoro ya kitoto! Lakini haukwami. Sote tumeomba meza kwenye maonyesho ya michezo ya kompyuta ya Jumapili, na imebaki moja. Laoban, yaani bosi Mchina wa maonyesho, anataka video ya mchezaji aliyeguswa moyo. Othman kanishauri nipunguze vivuli, kompyuta ipate kupumua. Wivu mtupu. Sipunguzi hata kimoja.

Jumatano, 5 Novemba

Wazo! Jirani yetu wa chini, Rotich, Mkenya, hununua viatu soko la Liuhua. Mama yake alifariki Kapsabet mwezi wa nane. Hakwenda kuzika, kontena lake lilikuwa limezuiwa bandarini Nansha. Tangu hapo hacheki. Aliwahi kumtumia Kauthar picha za marehemu. Nimezichukua kwenye simu ya Kauthar akiwa anaoga. Namjenga mama jikoni kwake, anamimina chai. Rotich akilia mbele ya kamera, meza ni yangu!

Ijumaa, 7 Novemba

Rotich kaja baada ya mimi kurudi kutoka msikitini. Nilimwambia ni mchezo tu wa kupoteza mawazo. Akavaa miwani. Akaingia jikoni. Akasimama.

"Mama?"

Sauti ndogo, si yake.

Mama akageuka, na papo hapo kompyuta ikaanza kuhema. Uso ukakwama, mdomo wazi. Macho yakaja baadaye. Mama akarudi kwenye chai, akageuka tena, akakwama tena. Rotich akanyoosha mikono amshike.

"Mama, ni mimi. Nisamehe, sikuweza kuja."

Akapiga hatua, akaangukia meza ya kioo. Mkono umevunjika. Damu zulia zima. Kauthar alipokuja mbio kumvua miwani, bado analia. Rotich akaniuliza, polepole:

"Murshid, mbona umemrudisha hivyo?"

Nilikuwa natazama kama kamera imerekodi. Imerekodi!

Jumamosi, 8 Novemba

Kauthar karudi kutoka hospitali, hakunisalimu. Kasema Rotich hawezi kufumba macho. Kila akifumba anamwona mama yake mdomo wazi. Uso aliokuwa nao kichwani, wa zamani, hauji tena. Kaniamuru nifute kila kitu. Nikamwambia nimefuta. Akauliza ni nani aliyenipa picha. Nikasema mtandao. Akanitazama sana, kisha akafunga mabegi yake na kuhamia kwa rafiki yake Kazija. Kaondoka na jiko la gesi.

Video nilikuwa nimeshaituma. Jibu la laoban: bu yao, hataki. Kaongeza kwamba aliizima katikati. Meza kapewa Othman na lori lake.

Jumapili, 9 Novemba

Nyumba kimya. Nimekula biskuti. Nimekaa nikatafakari kwa kina, nikakubali: nilikosea. Vivuli vya sufuria vilikuwa vingi mno! Nimevitoa. Mama sasa anageuka kama maji. Nimeshuka kumpa Rotich habari njema, hakufungua mlango.

Wakati napanda ngazi nimemkuta Mwikali, yule wa Machakos anayesafirisha mapazia. Amekaa chini, simu mkononi, analia. Kaka yake amefariki leo asubuhi. Nimekaa kando yake. Nimempa pole, kwa dhati kabisa. Nimemshika bega. Kisha nikamwomba picha za marehemu, na za ubavuni pia, maana za mbele peke yake hazitoshi.