Nilivyompokea Dada wa Köln

Leo nimejivua nguo mbele ya umma, jamani. (Si nguo za mwilini. Heshima.)

Dada yangu Mwanaidi anaishi Köln, Ujerumani. Aliondoka Unguja mimi bado mdogo, hatukuonana tena. Leo alikuwa anakuja kwa basi. Mie naishi Wembley, London, peke yangu, na upweke umenikaba. Wiki nzima Kiswahili nimezungumza na redio tu. (Haijibu.) Basi nikafika kituoni Victoria mapema mno, nikakaa karibu na mzee wa Kiingereza. Akafanya kosa la kuniuliza nasubiri basi la wapi.

Nikamfungulia darasa. Mji wa Köln nyinyi Waingereza mwauita Cologne, Wataliano Colonia, Waholanzi Keulen. Warumi waliupa jina refu la kifalme, watu wakachoka, likabaki neno moja: koloni. Mji mzima unaitwa Koloni, kama mtu kumwita mwanawe Mtoto! Na Kiswahili hakiuongezei -ni mwishoni: twaenda Köln, hatwendi Kölnini, kama tusivyokwenda Londonini. Mzee akatazama saa. Sikujali. Siku hizi nikipata msikilizaji sijui kunyamaza.

Akaniuliza nitamtambuaje dada. Nikamjibu kwa kiburi kwamba damu nzito kuliko maji.

Basi likaingia. Akashuka mama wa makamo, mtandio kichwani, begi kubwa mkononi. Damu ikanambia ndiye! Kwetu mgeni hupokewa mzigo kwanza, mengine baadaye. Nikalirukia begi.

"Shikamoo, dada!"

Akaling'ang'ania. Nikajua ni adabu tu, maana mgeni wetu lazima akatae kidogo, nami nikavuta kwa adabu zaidi. Akapiga ukelele kwa Kituruki. Askari akaja mbio. Machozi yananitoka, begi siachii.

Nyuma yangu sauti ikasema taratibu:

"Mansuri, mwachie mwenyewe begi lake. Dada yako mie hapa."

Alikuwa amesimama na mizigo yake, hajapokewa na mtu. Akanitazama sana, akasema nimekuwa baba mtupu, hasa kwa ubishi. Nikamwomba radhi yule mama mpaka akacheka. Kisha nikalia kama mtoto, hadharani. Mabegi ya dada akayabeba askari.

Haya, chekeni. Ila kwa sauti ndogo, tafadhali: leo kwangu kuna mtu amelala.